Kasi, Wati na Kizazi: Historia ya Kulinganisha Prosesa za Kompyuta za Nyumbani katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, 1994–2025

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kutoka Dar es Salaam. Huanza na mashine iliyofungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, hupitia marufuku ya kuingiza kompyuta ya mwaka 1974, hufika kwenye Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003, kisha hutua ufukweni mwaka 2009 pamoja na mkongo wa SEACOM. Masimulizi hayo hayana kosa, ila yana pengo. Anayeonekana ndani yake ni serikali, chuo kikuu na kampuni. Mwalimu wa sekondari wa Rulenge, muuguzi wa Murgwanza au mwenye steshenari wa Biharamulo mjini, aliyetoa fedha zake mfukoni kununua mashine moja ambayo hangeweza kuibadilisha mwaka uliofuata, hamo.

Insha hii inamweka mnunuzi huyo katikati na kuuliza swali finyu: alipolinganisha kompyuta mbili, alipewa kipimo gani cha kulinganishia prosesa zake, na kipimo hicho kilikuwa kinapima nini hasa? Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa karibu miongo mitatu, vipimo vilivyobandikwa juu ya prosesa vilijibu swali la mtu ambaye umeme kwake si tatizo. Katika wilaya hizi mbili swali lilikuwa jingine: ni kazi kiasi gani inayofanyika kwa kila wati inayolipiwa? Viwanda vya prosesa vyenyewe vililazimika kulikubali swali hilo katikati ya miaka ya 2000, lakini vilipolikubali vilikuwa tayari vinabuni majina mapya yaliyolificha tena.

Kipindi kinachoangaliwa kinaanza mwaka 1994 kwa sababu itakayoelezwa katika sehemu ya 4.0, na kinaishia Oktoba 2025. Hesabu za umeme zilizomo ni makadirio. Misingi yake imetajwa ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe.

2.0 Eneo, njia na umeme

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, Ngara ilikuwa na watu 320,056 na Biharamulo watu 323,486, hii ya pili ikiwa imekwisha kutenganishwa na Chato, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Geita. Ni wilaya za wakulima na wafugaji, lakini si za pembezoni kwa maana ya kutofikiwa. Barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam kupitia Kahama huzipitia wilaya hizi na kuishia kwenye vivuko viwili vya mpaka vilivyomo Ngara: Rusumo kwa wanaokwenda Kigali, na Kabanga kwa wanaokwenda Bujumbura. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulifuata mantiki hiyohiyo na kufikishwa kwenye mipaka hiyohiyo miwili. Kwa miaka mingi, basi, bidhaa za kielektroniki na baadaye data zilipita katika ardhi ya Ngara kwenda kwa watumiaji wa nchi jirani kwa wingi kuliko zilivyobaki.

Kilichokosekana ni umeme wa uhakika. Bukoba na maeneo ya kaskazini mwa Kagera yalipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka. Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye njia hiyo wala kwenye gridi ya Taifa. Zilihudumiwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO yaliyosimama peke yake, na hata uimarishaji uliofanywa kwa msaada wa Uholanzi kupitia mradi wa ORIO ulikuwa wa majenereta mengine ya dizeli. Gridi ilisogea baadaye, kupitia kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulikamilika katika miaka ya 2020 tu. Nje ya miji midogo, nyumba yenye kompyuta iliitegemea betri ya sola au jenereta ndogo ya petroli.

Jambo hili si mapambo ya mandhari. Ndilo linaloamua maana ya neno "nzuri" katika sentensi "kompyuta hii ni nzuri kuliko ile."

3.0 Jina la kitu kisichoonekana

Kabla ya vipimo kuna msamiati. Katika Kiswahili cha mtaani Afrika Mashariki, kifupi CPU kimehamia kwenye boksi zima la kompyuta ya mezani. Fundi akisema "lete CPU" anamaanisha kasha lenye diski, feni na kila kilichomo, si kipande cha silikoni kilicho chini ya feni. Uhamishaji huu wa maana una mantiki yake, kwa kuwa mtumiaji hukishika na kukibeba kile anachokiona, lakini umekuwa na gharama. Mnunuzi aliyeuliza habari za CPU alijibiwa habari za kasha: ni jeusi au jeupe, ni la Dell au la HP, ni kubwa au dogo. Kwa prosesa yenyewe lilibaki neno la mkopo, "prosesa", lililotumiwa na mafundi, na baadaye likaja "kichakataji", linalopendelewa na wanaistilahi.

Kichakataji ni istilahi yenye mizizi mizuri. Kuchakata hutumika pia kwa mkonge na muhogo, yaani kukipitisha kitu kibichi katika kazi hadi kitoke kikiwa kinafaa. Istilahi hiyo inatoa picha ambayo lugha ya matangazo haikuitoa kamwe. Katika insha hii neno "prosesa" limetumika kwa sababu ndilo lililokuwa sokoni katika kipindi kinachochunguzwa.

4.0 Enzi ya mapigo, 1994–2006

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika mengi ya misaada yalifungua ofisi Ngara, yakaja na magari, redio za mawasiliano, majenereta na zana za ofisi za wakati huo. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejeshwa Desemba 1996, lakini Warundi walibaki katika kambi za Lukole hadi mwaka 2008. Kwa muda wa miaka kumi na minne wilaya hii ya mpakani ilikuwa na mkusanyiko wa ofisi za kimataifa usio wa kawaida kwa wilaya ya vijijini. Ndiyo maana mwaka 1994 ni mwanzo unaofaa: kompyuta iliingia hapa ikiwa imeambatana na jenereta lake, na aliyeitumia hakuwa ndiye aliyelipia dizeli.

Mwaka huohuo ulikuwa wa misukosuko kwa prosesa zenyewe. Hadi hapo mashine zilijulikana kwa namba zilizopanda kwa mpangilio: 286, 386, 486. Mnunuzi asiyejua lolote alijua kwamba 486 inaifuata 386. Mahakama ya Marekani ilipokataa kuitambua namba "386" kuwa alama ya biashara ya Intel, kampuni hiyo iliachana na mtindo wa namba, na prosesa iliyotoka Machi 1993 ikaitwa Pentium. Mwishoni mwa mwaka 1994 ilibainika kwamba baadhi ya Pentium zilikosea hesabu fulani za kugawanya. Intel ilikubali kuzibadilisha na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo. Kwa mara ya kwanza wanunuzi wa kawaida huko Marekani walikuwa wanadai maelezo ya kitu kilichomo ndani ya kasha.

Jina likiwa limeziba ngazi ya namba, soko lilishika kipimo kingine: megahetsi. Megahetsi moja ni mapigo milioni moja ya saa ya ndani ya prosesa kwa sekunde. Ni kipimo cha kweli, kinachopimika bila ubishi, na ndiyo maana kilipendwa. Kasoro yake inaeleweka haraka kwa yeyote aliyewahi kupeleka mahindi mashineni. Mashine ya kusaga inayozunguka mara nyingi zaidi kwa dakika haitoi lazima unga mwingi zaidi, kwa sababu unga hutegemea pia kiasi kinachosagwa katika kila mzunguko, ukubwa wa kijaluba kinacholisha jiwe, na idadi ya mawe. Megahetsi huhesabu mizunguko tu. Haisemi lolote kuhusu kazi ya kila mzunguko, wala kuhusu kumbukumbu ndogo ya karibu iitwayo kache, ambayo ndiyo kijaluba chenyewe. Wala haitaji dizeli.

Celeron ya kwanza ya mwaka 1998 ilidhihirisha hilo. Ilikuwa na mapigo ya megahetsi 266 na ilitokana na Pentium II, lakini iliondolewa kache ya ngazi ya pili. Kibandiko kilisomeka vizuri, ilhali mashine ilijikokota katika kazi za ofisi, na Intel ikairudisha kache hiyo katika toleo la 300A mwaka uleule.

Mashindano ya mapigo yalifika kileleni Machi 2000, AMD ilipotangaza Athlon ya gigahetsi 1 na Intel ikafuata siku mbili baadaye na Pentium III yake. Novemba 2000 ilitoka Pentium 4, na hapo kipimo kikaanza kumtawala mbunifu. Njia ambayo amri hupitia ndani ya Pentium III ilikuwa na hatua 10 hivi. Ya Pentium 4 ilikuwa na hatua 20, na toleo lililopewa jina la Prescott mwaka 2004 lilifikisha 31. Kuikata kazi katika hatua nyingi fupi huwezesha mapigo kwenda haraka, lakini prosesa ikikisia vibaya amri inayofuata hulazimika kumwaga kila kilichomo njiani na kuanza upya, na njia ndefu humwaga kingi zaidi. Ndivyo ilivyotokea kwamba Pentium 4 za mwanzo, zenye gigahetsi 1.4 na 1.5, zilishindwa katika kazi kadhaa za kawaida na prosesa za gigahetsi 1 zilizozitangulia. AMD ilijibu kwa kuziita Athlon XP zake kwa namba za kufananisha. Iliyoitwa 1800+ ilipiga gigahetsi 1.53 tu, kwa madai kwamba kazi yake ililingana na namba iliyo juu yake. Ilikuwa njia ya ajabu ya kusahihisha kosa, kwani ilitumia lugha ya kosa lilelile.

Kilichowavunja nguvu wabunifu ni joto. Mwaka 1974, mwaka uleule ambao Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa kwa uwiano sahihi, umeme unaotumika katika eneo lilelile la silikoni haubadiliki. Kwa miaka thelathini kanuni hiyo iliwapa watengenezaji kasi bila kuwatoza joto. Katikati ya miaka ya 2000 iliacha kufanya kazi, kwa kuwa transista zilikuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa hazifanyi kitu. Pentium 4 Prescott ya gigahetsi 3.8 ilikadiriwa wati 115 za joto la kuondolewa na feni. Pentium D 840, iliyokuwa na viini viwili, ilikadiriwa wati 130. Mei 2004 Intel ilifuta mradi wa prosesa iliyokuwa iifuate Prescott.

Jibu lilikuwa tayari, tena ndani ya nyumba hiyohiyo. Pentium M, iliyotolewa Machi 2003 kwa ajili ya kompyuta mpakato, ilikuwa na gigahetsi 1.6 na wati 24.5, na ilishindana na Pentium 4 zenye mapigo mengi zaidi. Ilibuniwa hivyo kwa sababu kompyuta mpakato huishi kwa betri. Kutoka katika ukoo huo ilizaliwa Core 2 Duo ya Julai 2006. Modeli yake ya E6600 ilikuwa na gigahetsi 2.4 na wati 65, na Intel yenyewe iliinadi kwa kusema kwamba inafanya kazi zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Kampuni iliyofundisha ulimwengu kuhesabu mapigo sasa ilikuwa inauza prosesa yenye mapigo machache na kutaja wati.

Kwa mnunuzi wa Ngara au Biharamulo, hata hivyo, mwaka 2006 haukuwa 2006. Kompyuta za nyumbani nchini zilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, mtumba wa ofisi za Ulaya na Marekani, na mtumba hufika miaka kadhaa baada ya ofisi kuamua kuuondoa. Ofisi hizo zilipohamia kwenye Core 2 Duo, zilizoachwa zilikuwa Pentium 4. Hivyo prosesa zilizotupwa kwa kuwa zinakula umeme zilipelekwa mahali ambapo umeme ni ghali na adimu, huku kibandiko chake kikiwa bado kinasema gigahetsi 3, namba kubwa kuliko ya mashine mpya zilizozirithi. Mnunuzi aliyefuata kanuni aliyofundishwa na matangazo ya miaka kumi, kwamba mapigo mengi ni bora, aliichagua Pentium 4 na kuiacha mashine ya gigahetsi 1.8 iliyokuwa bora kwake kwa kila hali.

Hasara hiyo inaweza kukadiriwa. Tuseme kompyuta ya mezani ya Pentium 4 pamoja na kioo chake cha zamani cha bomba inatumia wati 180, na kompyuta mpakato inatumia wati 25. Kwa saa 6 kwa siku, siku 30, ya kwanza hula uniti 32.4 za LUKU na ya pili uniti 4.5. Chini ya bei iliyotumika kwa wateja wa matumizi madogo kuanzia katikati ya miaka ya 2010, uniti 75 za kwanza za mwezi zilitozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zilizozidi hapo shilingi 350. Kompyuta ya kwanza inameza zaidi ya nne ya kumi ya uniti za bei nafuu kabla taa, redio na pasi havijaguswa, na kuisukuma familia kwenye bei ya mara tatu na nusu. Kwa nyumba ya betri picha ni kali zaidi. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumika hadi nusu ili isife mapema na ikipoteza kidogo kwenye inveta, hutoa takriban saa-wati 500. Hizo ni chini ya saa 3 za Pentium 4, au saa 20 za kompyuta mpakato. Mwalimu anayeandaa mitihani usiku hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kuna jambo dogo la vumbi. Pentium 4 ilikuwa na kinga inayopunguza kazi yake yenyewe inapopata joto kupita kiasi. Feni ikizibwa na vumbi jekundu la barabara za changarawe, prosesa ya gigahetsi 3 hujipunguza kimyakimya bila kumwambia mtu, na namba iliyolipiwa haipatikani hata kwa gharama ya umeme wake wote.

Mwaka 2014 Intel ilikubali, bila kukiri kosa, kuwalipa dola 15 wanunuzi wa Marekani walionunua kompyuta za Pentium 4 katika miezi yake ya mwanzo, katika kesi iliyodai kwamba vipimo vya ubora wa prosesa hiyo vilipindishwa. Haki hiyo ilimfuata mnunuzi wa kwanza. Haikuifuata mashine, na mashine nyingi za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kubadili mwenye nyumba na bara.

5.0 Jina la daraja na namba ya kizazi, 2008–2021

Ingetarajiwa kwamba, mapigo yakiwa yameshindwa, wati zingekuwa kipimo cha wazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 2008 Intel ilitoa Atom, ambayo modeli yake ya N270 ilikadiriwa wati 2.5 tu, na kompyuta ndogo za mpakato zilizoibeba zilielekea kuwa jibu kamili kwa nyumba ya sola. Lakini Atom ilikuwa dhaifu mno. Kazi iliyomalizwa na Core 2 Duo kwa dakika moja iliiweka Atom kazini kwa dakika kadhaa, kioo na diski vikiendelea kula umeme muda wote huo. Funzo lake ni kwamba wati peke yake nazo hudanganya; kinachotafutwa ni uwiano wa kazi na wati.

Uwiano huo haukubandikwa popote. Badala yake yalikuja madaraja: Core i7 Novemba 2008, i5 mwaka 2009, i3 Januari 2010. Madaraja haya yanalinganisha prosesa za kizazi kimoja, yaani zilizotoka pamoja. Hayasemi kitu kuhusu vizazi viwili tofauti, na soko la mtumba ni soko la vizazi vingi juu ya meza moja. Hapa ndipo kipimo kipya kilipokuwa na madhara kuliko cha kale, kwa sababu megahetsi angalau ilipima kitu kimoja wakati wote.

Mfano mmoja unatosha kuchambuliwa kwa urefu. Core i7-4600U ni ya mwaka 2013, ina viini viwili vinavyobeba nyuzi nne za kazi, mapigo ya msingi ya gigahetsi 2.1, na wati 15. Core i5-8250U ni ya mwaka 2017, ina viini vinne na nyuzi nane, mapigo ya msingi ya gigahetsi 1.6, na wati 15 zilezile. Anayefuata kasi huchagua ya kwanza. Anayefuata daraja huchagua ya kwanza pia, kwa kuwa saba ni zaidi ya tano. Vipimo vyote viwili vya soko vinampeleka kwenye mashine yenye nusu ya viini kwa umeme uleule. Anayeokoka ni yule tu ajuaye kwamba tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, 4 na 8, na kwamba herufi U ya mwisho ndiyo inayotangaza prosesa ya umeme mdogo, tofauti na H au HQ zinazotangaza mashine za kazi nzito na joto zaidi. Habari iliyohitajiwa ilikuwepo, imeandikwa, lakini ilikaa kwenye herufi ndogo za mwisho wa jina, wakati herufi kubwa zilisema i7.

Neno "kizazi" lilichukuliwa haraka na wauzaji wa Kitanzania, na katika matangazo ya mtumba huonekana mara kwa mara kando ya ukubwa wa RAM na diski. Ni tafsiri iliyokaa vizuri kuliko nyingi. Mtu anayejua kwamba mjukuu wa mnyonge anaweza kuwa na nguvu kuliko babu shujaa haoni ajabu kwamba i3 ya kizazi cha nane kwenye kompyuta ya mezani, i3-8100, ina viini vinne kamili kama i5 za vizazi vilivyoitangulia.

Hata kizazi, hata hivyo, si ngao timilifu. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 5 7520U, ambayo namba yake ya elfu saba huiweka kando ya prosesa mpya za wakati wake, ilhali usanifu wa viini vyake ni ule uitwao Zen 2, wa mwaka 2019. Tarakimu iliyobeba ukweli huo ni ya tatu. Kwa haki, prosesa hiyo inatumia umeme kidogo na inafaa nyumbani. Kinachozungumzwa hapa ni jina lake.

Inafaa kuongeza kwamba si kila uzito wa kompyuta ya nyumbani ni wa prosesa. Mashine nyingi za mtumba huchelewa kwa sababu ya diski ya kuzunguka au uchache wa RAM, na mwenye i5 ya kizazi cha nne akibadilisha diski hiyo kwa SSD hupata nafuu kubwa kuliko aliyeongeza fedha kupanda daraja la prosesa. Mafundi wa wilayani wanalijua hilo kwa mikono yao.

6.0 Mpaka wa kizazi cha nane, 2021–2025

Oktoba 2021 Microsoft ilitoa Windows 11 na kuweka orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha modeli chache, ilianzia kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Kwa mara ya kwanza katika kipindi kinachochunguzwa, tarakimu moja ndani ya jina la prosesa ilikuwa mpaka kati ya mashine inayolindwa na isiyolindwa, bila kujali kasi yake, daraja lake wala wati zake. i7-4600U ya mfano uliotangulia iko upande wa nje. I5-8250U iko ndani.

Athari yake kwa soko la mtumba ni marudio ya hadithi ya Pentium 4, lakini kwa sura iliyogeuzwa. Ofisi za nje zinaondoa tena mashine kwa maelfu, nazo zitafuata njia zilezile za bandari na barabara ya Kahama. Ila safari hii zinazotupwa si walafi wa umeme. Ni kompyuta mpakato za wati 15, kizazi cha nne hadi cha saba, ambazo kwa kipimo cha nyumba ya betri ya Murusagamba au Nyakahura ni miongoni mwa bora kuwahi kufika kwa bei ya mwananchi wa kawaida. Kilichozikataa ni programu. Anayezinunua ana njia mbili. Anaweza kubaki na Windows isiyopokea marekebisho ya usalama, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa anayefanya miamala ya fedha kwa mashine hiyo. Au anaweza kuhamia Linux, inayozikubali bila shida. Njia hii ya pili si ngeni nchini: mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye amri kwa Kiswahili, miaka mitano kabla ya mkongo wa kwanza wa baharini kufika.

Wakati huohuo nguzo za gridi zimesogea kutoka Nyakanazi, na mitambo ya Rusumo inazunguka karibu na daraja lilelile lililovukwa Aprili 1994. Nyumba iliyounganishwa Ngara mjini au Biharamulo mjini inaanza kuuliza maswali ya mnunuzi wa mjini: kizazi cha ngapi, viini vingapi. Nyumba ya betri, kilometa chache nje ya nguzo ya mwisho, bado inaanza na herufi iliyo mwishoni mwa jina.